Kuonja Si Kunywa

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa dogo kiasi kwamba ningemwuliza mtu yeyote angenicheka: pombe unayoionja kwenye ncha ya kata kisha ukaitema, ni pombe au si pombe? Niligeuka kitandani na swali nikaligeuza. Nikiitema, ulimi hautakumbuka? Nikikataa kuionja, shamba la mama litalimwa na nani? Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu na sikuwa na jibu.

Kwetu Kitura milima imesimama kama ukuta, na mahindi na maharage tunayalima kwenye ngolo. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, mlima mzima ukawa miraba. Wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo, yakabaki mashimo ya kuzuia maji ya mvua yasiuteremshe mlima bondeni. Kazi hiyo haimalizwi na mtu mmoja kabla mvua hazijakata. Kwa hiyo mwenye shamba hualika majirani, na majirani hunyweshwa pombe. Na pombe hiyo ina sheria: aliyeipika huinywa wa kwanza, mbele ya wote, ionekane kwamba hakuweka kitu.

Kila mwaka mpishi alikuwa mama. Mwaka ule magoti yalimvimba, asingeweza kusimama motoni kutwa, na baba alikuwa ameshafariki. Binti pekee aliyekuwa nyumbani nilikuwa mimi. Mimi, niliyekuwa nimetoka Lundo, kijiji cha ziwani nilikokwenda kuacha pombe.

Nilimaliza chuo wakati serikali imeacha kuajiri. Waliotutangulia walipangiwa vituo hata kabla hawajafungasha magodoro yao. Sisi tuliambiwa soko huria litatupokea. Lilinipokea kweli, msimu mmoja. Nilipima kahawa mjini Mbinga kwa mnunuzi binafsi, mmoja wa wale walioingia na malori yao baada ya ushirika kuyumba. Fedha zilimwagika, na kila palipokuwa na duka la chumvi pakafunguliwa baa. Nilianza na bia ya chupa pamoja na wenzangu wa mzani. Msimu ulipokwisha mnunuzi aliondoka na mizani yake, bei ya bia ikanishinda, ya gongo haikunishinda. Yaliyofuata waliyaona wote waliopita njia ya sokoni, na sina haja ya kuwasimulia upya.

Lundo alikuwepo mama mdogo, ambaye maisha yake yote ni kuanika dagaa. Hakunihubiria. Alinitazama nilivyoshuka kwenye lori, akasema, "Wewe ukiwa na njaa unawaza ujinga. Kula kwanza, utawaza ukishiba." Nikawa nakula uji wa karanga kabla jua halijapanda, nikiutaka nisiutake. Alasiri, kiu ilipokuja, nilishuka ziwani nikajisugua kwa dodoki kuanzia shingoni hadi visiginoni, nikafua hata nguo zilizokuwa safi. Kuku walipoingia bandani na mimi niliingia kulala. Mikono ikianza kutetemeka sikuificha.

"Mama mdogo, imekuja."

"Iambie ingoje. Tunageuza dagaa."

Tukawageuza dagaa, upande hadi upande, mchanga ukituganda vidoleni. Tukimaliza, mara nyingine ilikuwa imeshaondoka. Mara nyingine ilikuwa bado imekaa pale, lakini imechoka, kama mgeni asiyekaribishwa chakula.

Nilirudi Kitura na mfuko wa dagaa na ratiba hiyo hiyo. Ndipo nikagundua jambo linalonikasirisha hadi leo. Nilipokuwa nalala mtaroni, watu waliniona ni mwenzao aliyepotea. Nilipoanza kula kwa saa na kulala kwa saa, wakaniona nimejitenga nao.

"Mwoneni mwenye shahada," alisema jirani mmoja bombani, ndoo kichwani, bila kushusha sauti. "Anakula saa kumi kama mgonjwa wa wodini."

"Anajilea mwenyewe kama mtoto mchanga."

"Zamani alikuwa analala na matope yake. Sasa halali mpaka anawe miguu!"

Walicheka, na huo utani wa miguu karibu unichekeshe na mimi. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikigombana nao kichwani. Nani kati yenu aliniuliza hata siku moja kama nimekula? Waume zenu walikunywa kahawa yote ya msimu, mkawaita wanaume waliochoka. Mimi nilikunywa, nikaitwa mlevi. Mimi nimeacha, naitwa mwenye maringo. Basi mnataka niwe nini?

Siku iliyofuata alikuja baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, kupanga siku ya kulima. Mama alikuwa ameshaotesha ulezi na kuukausha, kimea kiko kwenye ungo karibu na mlango. Baba mkubwa alikichota, akakinusa kama anayenusa tumbaku.

"Kimekubali. Mpishi ni nani?"

Mama akanielekeza kwa kidevu.

"Baba mkubwa," nikasema, "mimi siwezi kuipika. Nimeacha."

"Nani amekwambia unywe? Utapika, utachuja, utaonja. Kuonja si kunywa."

"Kwangu ni kunywa."

"Eti kwako! Pombe ina kwako na kwangu?" Alicheka, akamgeukia mama. "Shemeji, huyu mmemsomesha hadi ameisha. Sasa watu waje walime mlima mzima, wakute pombe ambayo mpishi ameiogopa? Si watasema ametuwekea kitu?"

Nilimtazama mama. Huyu ndiye aliyekuwa akipiga magoti na rozari hadi magoti yenyewe yakaharibika, nikimsikia kupitia ukutani akimwomba Bikira Maria aniondolee chupa mkononi. Nilikuwa na hakika atasema neno.

"Onja kidogo tu, mwanangu," akasema. "Kwa ajili ya shamba. Halafu uteme."

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jiko, nikitetemeka, na safari hii haikuwa kiu. Ilikuwa hasira safi, hasira iliyoshiba. Maombi yote yale alikuwa akiomba niache nini, kama haikuwa hii? Baada ya muda nikaanza kuitilia shaka hata hasira. Labda mimi ndiye niliyekuza mambo. Labda mtu mwenye akili timamu anaonja na kutema kama anavyoonja chumvi ya mchuzi. Labda mama ana haki: maharage yasipopandwa mwezi ule, tutakula nini? Naweza kumwambia mama alale njaa ili mimi nisilewe? Hoja zote zilikuwa nzuri, na zote zilikuwa na harufu ya gongo. Nilizifahamu. Ndizo zilizokuwa zikinipeleka nyuma ya soko: kidogo tu, kwa sababu ya baridi, kidogo tu, kwa sababu ya wenzangu, kidogo tu, kwa sababu ya jambo fulani lenye heshima.

Saa ya kula ilikuwa imefika. Nikala, kama nilivyozoeshwa, viazi vya jana na dagaa, nimekaa mbele ya ule ungo wa kimea. Nilipokuwa natafuna ndipo nikakitazama kimea vizuri. Kimea kile kile, ukikitia kwenye uji wa mahindi ulio vuguvugu, ndani ya saa chache unapata togwa. Ni tamu, inashibisha, haimlevyi mtu. Hapo nikaanza kuiogopa na togwa. Togwa ikilala huchachuka, na ikilala tena inakuwa ndugu wa ile nyingine. Nikaamua nitaipika alfajiri ya siku yenyewe, na itakayobaki mchana itamwagwa, hata ikiwa pipa zima.

"Watu hawalimi ngolo kwa togwa," mama alisema nilipomweleza. "Togwa ni ya watoto na wanaonyonyesha."

"Nitapika na maharage na dagaa. Watakula washibe."

"Na wasipokuja?"

"Nitalima mwenyewe."

"Mlima wote ule?"

"Kiasi nitakachoweza."

"Utaniaibisha, mwanangu."

"Mama, nilishakuaibisha. Hii siyo ile."

Alivuta ungo, akaanza kuokota takataka kwenye kimea, punje moja moja, na sikujua kama amekubali au anatafuta tu kazi ya mikono.

Sikutaka mtu aje kwa kudanganywa. Jioni ya kuamkia siku ya kulima nilipita nyumba kwa nyumba, nikaanza na kwa baba mkubwa ili woga uishie hapo.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Imeiva?"

"Hakuna pombe. Kuna togwa na chakula. Nimekuja kukwambia mwenyewe, usije ukakasirikia shambani."

"Unataka kuondoa desturi ya watu kwa sababu ya koo lako?"

"Ndiyo," nikasema. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu njiani, yenye mwanzo na mwisho, na hilo ndilo neno pekee lililotoka.

Nyumba nyingine walisema watakuja. Nyingine walisema wana msiba mahali ambapo hapakuwa na msiba. Yule jirani wa bombani alisema, "Togwa? Basi nitakuja na wajukuu," na wenzake wakacheka.

Alfajiri nikawasha moto. Nilikoroga uji, nikauacha upoe hadi kidole kiliweza kuvumilia, nikatia kimea. Nilikula kwanza. Nikanawa uso na miguu, ndiyo, na miguu.

Waliokuja walikuwa wachache kuliko miaka yote. Yule jirani alikuja kweli na wajukuu. Baba mkubwa alikuja wa mwisho, na fyekeo begani, bila salamu, kwa kuwa shamba lile lilikuwa la mdogo wake. Alisimama kando ya chungu, akachungulia.

"Na hii nani ameionja?" akauliza, kwa sauti ya kusikika mlima mzima.

Nikachukua kata, nikaizamisha hadi mkono ukalowa, nikanywa mbele yao bila kutema hata tone, nikaigeuza juu chini waone imekauka. Kisha nikampa yeye. Sikungoja kuona kama atakunywa. Nilichukua jembe langu, nikapanda hadi mraba wa kwanza uliokwisha kulazwa majani, nikaanza kuchimba.