Sura ya Rama Kwenye Ubao wa Kinyozi

Mama Ramadhani hakuwa na picha hata moja ya mwanawe. Zamani alikuwa nazo, lakini askari waliokuja kupekua nyumba, siku chache baada ya Rama kuingizwa katika gari la watu wasiojitambulisha, waliondoka nazo zote, hata ile ya utotoni aliyopigwa akiwa amevaa kanzu ya Idi. Zaidi ya mwaka ulipita bila habari. Asubuhi moja mama huyo, jirani yangu, aliingia katika studio yangu ya picha pale Kibuli, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Zaina, nimeanza kumsahau," alisema. "Sauti ninayo. Mwendo wake ninao. Lakini uso unakuja nusu, halafu unaondoka."

Rama alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka. Nilikumbuka ubao mmoja aliomchorea kinyozi wa Bukoto: vichwa vinne vya kuonyesha mitindo ya nywele. Mwenyewe alinisimulia akicheka kwamba kichwa cha mwisho alikosa mtu wa kumtazama, basi akashika kioo akajichora.

Mama alisimama hapo hapo. "Kanipigie picha ya hicho kichwa, mwanangu. Kabla hawajakipaka rangi."

Alikuwa na haki ya kuharakisha. Miaka ile maduka ya Kampala yalibadilisha wenyewe kila mara, na kila mwenye duka mpya alianza kwa kufuta bango la mwenzake.

Ninyi ambao hamkuishi mji ule chini ya wanajeshi, niwaeleze jambo moja. Kuelekeza kamera ukutani kulitosha mtu kuitwa jasusi. Kuielekeza kwa mtu ilikuwa biashara. Kwa hiyo mimi niliyependa mabango nilijizoeza kumsimamisha mtu mbele ya kila bango, nikabeba kitana na kioo mkobani kama ushahidi wa kazi yangu.

Alfajiri iliyofuata niliteremka kilima cha Kibuli. Ukungu ulikuwa umejaa mabondeni, na nilipogeuka nyuma, msikiti ulionekana umesimama juu ya weupe mtupu, hauna chini. Watu walitokeza kwenye ukungu mmoja mmoja, wakasalimia, wakapotea. Kando ya njia palikuwa na kibanda cha fundi wa redio kilichoandikwa "Tunafufua Zilizokufa". Nilimwomba muuza mihogo asimame chini ya maneno hayo. Alijipangusa mafuta mikononi, akainua kidevu, akatulia kama aliyelala akiwa wima.

Saa tatu nilikuwa mjini. Barabara zilikuwa pana na kimya, na majina ya wenye maduka waliofukuzwa nchini bado yalionekana chini ya rangi mpya. Jua lilipopiga kwa ubavu, majina mawili yalisomeka pamoja, la zamani likielea nyuma ya jipya. Mbele ya duka moja palikuwa na foleni ya sukari, lakini foleni haikuwa na watu. Kulikuwa na mawe, makopo, kandambili moja na kikapu, kila kimoja kikimshikia mtu nafasi. Mwanamke mmoja alikuwa anafika tu.

"Nyabo, mama, piga picha jiwe yangu," aliniambia. "Yeye ndiye amesimama toka usiku. Mimi niko mgeni hapa."

Nikawapiga wote wawili, yeye na jiwe lake. Filamu zilikuwa adimu kama sukari, nami nilijua natapanya. Lakini siku ile kila nilichokiona kilinijia kama kitu kinachotaka kuaga.

Adhuhuri basi lilinishusha Bukoto. Nilipita chini ya maghorofa ya makazi, nguo zikipepea kwenye vibaraza, nikafika mahali pa kinyozi. Palikuwa na mama wa makaa, mweusi mpaka kope. Ukutani yalibaki matundu ya misumari.

"Salongo amehama," alisema. Salongo ni jina la heshima la baba wa mapacha; ndivyo kinyozi alivyoitwa. "Ameenda Kyambogo. Huko kuna wanafunzi. Wanafunzi bado wana nywele."

"Na ubao wake?"

"Alibeba juu ya kichwa! Tulicheka sana. Vichwa vinne juu ya kichwa moja, na yenyewe iko upara."

Nilitamani kumpiga akicheka hivyo, lakini filamu ilikuwa imebakiza picha moja tu. Nikafunga mkoba.

Njia ya kwenda Kyambogo niliitembea kwa miguu wakati wa jua kali. Hakukuwa na magari. Mtu mmoja alinipita akiendesha baiskeli iliyofungwa kitanda kizima, miguu ya kitanda ikitazama mbinguni, naye akinyonga taratibu kana kwamba kuna mtu amelala juu yake. Kwa muda mrefu niliona kitanda kikipanda kilima peke yake. Kisha miti ikanyamaza, na mimi nikasahau kidogo kwamba nina hofu.

Kyambogo nilimkuta Salongo chini ya paa la mabati, karibu na lango la chuo. Ubao ulikuwa umetundikwa nyuma yake, mzima. Kichwa cha mwisho, upande wa kulia, kilikuwa cha Rama: nyusi moja juu kuliko nyingine, mdomo umebana kicheko. Nikatoa kamera mkobani. Halafu nikamwona mteja aliyekaa kitini. Alikuwa sajini wa jeshi, bunduki imeegemezwa ukutani.

"Nyoa mimi kama huyu wa mwisho," sajini alikuwa anasema, kidole kikiwa kwenye pua ya Rama. "Lakini huyu ni nani? Anacheka mimi?"

Wembe wa Salongo ulisimama hewani. Alinitazama, akanijua, alikwisha kuniona na Rama zamani.

"Ni kichwa tu, afande," alijibu. "Kichwa ya ubao. Kaa mzuli, nisikukate."

Sajini aliona kamera yangu. "We mama! Hiyo ni ya nini?"

"Ya kupiga watu picha, afande. Nina studio Kibuli." Nikatoa kitana na kioo.

Alijitazama kiooni, kushoto, kulia, akapendezwa. "Sawa. Piga mimi nikimaliza. Nitatuma nyumbani, Arua, bibi aone."

Picha ilikuwa moja. Sajini alisimama mbele ya ubao, akavaa kofia, akaivua, akatanua mabega. Rama akafichika nyuma ya sikio lake.

"Afande, sogea kidogo, kushoto kwangu."

"We unaamuru sajini?"

"Jua ndilo linaloamuru. Hapo litakula nusu ya uso, na bibi atauliza nusu nyingine iko wapi."

Alinikazia macho. Salongo alijifanya anapangusa kiti. Kisha sajini akacheka kwa sauti kubwa, akasogea hatua moja, na uso wa Rama ukatoka nyuma ya bega lake kama mtu anayechungulia mlangoni. Nikabonyeza.

Alasiri nilirudi kwa lori la matoke. Kwenye kizuizi cha barabarani askari kijana aliishika kamera, kidole tayari kwenye kifuniko. Mwanga ungeingia tu kwenye filamu, safari yote ingekuwa bure.

"Fungua ukitaka," nilimwambia, sauti yangu ikinishangaza mimi mwenyewe. "Ndani kuna picha ya sajini wa Kyambogo. Atakuja kuichukua. Wewe ndiwe utakayemweleza."

Akanirudishia kwa mikono miwili.

Kibuli, siku iliyofuata, nilisafisha picha. Nakala moja niliiweka kando ya sajini, ya pili nikampelekea Mama Ramadhani. Hakulia. Aligusa nyusi ile iliyoinuka, akasema, "Ndivyo. Ndivyo ilivyokuwa." Nilikuwa nimekuja na mkasi, nikamwambia tumkate yule askari, Rama abaki peke yake.

Mama alinishika mkono. "Ukimkata, wakirudi watamchukua tena mwanangu. Nani atabandua picha ya sajini ukutani?"

Akaitundika mkabala wa mlango, mahali ambapo kila anayeingia angeiona kwanza. Mimi nilikuwa nimefikiri kazi ni kuuleta uso nyumbani. Yeye tayari alikuwa anafikiria namna ya kuutunza.

Walirudi kweli, mara moja tu, kabla ya utawala ule kuanguka. Waligeuza magodoro, wakamwaga sanduku la nguo. Mkubwa wao alifika mbele ya picha, akaitazama, akaweka kofia yake sawa, akaamuru wenzake watoke. Mama alifunga mlango nyuma yao, akaanza kukunja nguo za Rama upya.