Mlango wa Chumba cha Mwisho

Mzee wa chumba cha mwisho, katika nyumba ya wazee mjini Lanham, hataki mlango wake ufungwe. Alikuwa mhudumu wa meli ya abiria kati ya New York na Uingereza, miaka tisa akigonga milango ya vyumba kwa vidole viwili, chai mkononi. Hadi leo hugonga hivyo kabla ya kuingia hata chumbani mwake. Jana Elieth, anayemhudumia, alisahau akaufunga kwa sababu ya baridi. Alipomaliza kutandika kitanda akamkuta mzee amebandika sikio mlangoni.

“Wanagonga,” alisema.

“Nani, babu?”

“Walio chini. Vitani, Wajerumani walipoitoboa meli yetu, niliamriwa nifunge mlango wa chuma kuzuia maji, wao wakiwa bado ndani. Nikafunga.”

Elieth akaufungua upesi. Mzee akachungulia korido, tupu na kavu.

“Tumechelewa, binti,” akasema, kisha akaufunga mwenyewe.