Shimo la Nungunungu

Moshi wa leleshwa mbichi, kile kichaka cha nyikani chenye harufu kali, ukinifikia popote pale, hata ukitoka kwa jirani anayewasha jiko lake hapa mtaani Majimbo, Embu, mimi hufunga dirisha. Majirani wanasema mwalimu Makena ana maringo. Na waseme. Hawajui kwamba nilipokuwa na miaka kumi kazi yangu ilikuwa kuwasha moshi huo, ili rubani aliye angani ajue upepo unaelekea wapi, na kwamba niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Nilizaliwa chini kabisa ya Tigania Mashariki, kule miteremko inapoishia na joto linapoanza, na mbele ya boma letu kulikuwa na ziwa. Tuliliita ziwa kwa kuliheshimu tu, maana miezi mingi halikuwa na tone la maji. Mvua ikinyesha lilijaa hadi bata mwitu wakaja. Kiangazi kikikaza lilikauka, likawa sakafu pana, nyeupe, ngumu kiasi kwamba ukiangusha kikombe kinavunjika. Hapo ndipo ndege ndogo ya misheni ilipokuwa ikitua, ikileta daktari na dawa, na kuondoka na wagonjwa walioshindikana kwetu.

Baba ndiye aliyekuwa mwangalizi wa uwanja huo, na alijiona mkubwa kuliko chifu. Siku moja kabla ya ndege kuja, alimbebesha punda wetu magunia mawili ya mawe, akamtembeza kutoka kaskazini kwenda kusini, naye akifuata nyuma ameinama, anapima alama za kwato kwa kidole. Kwato zikizama zaidi ya ukucha, alipanda kwenye kichuguu penye mtandao, akampigia rubani na kumwambia asije. Zisipozama alisema neno moja tu, “Njoo,” akakata simu kwa madaha. Kandokando ya uwanja alipanga mawe aliyoyapaka chokaa, na ndani ya mawe hayo hapakuingia mtu wala mnyama kiangazi chote. Baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, alitozwa mbuzi kwa kupitisha ng’ombe humo, na hakuna aliyemfurahia mbuzi huyo kama baba. Ila sehemu ya mwisho upande wa kusini, punda hakuwa akifika. Ndege ilitua kutoka kaskazini siku zote na kusimama mbali na huko, kwa hivyo baba hakuona haja ya kumchosha mnyama bure.

Mdogo wangu Kendi alikuwa na miaka sita na moyo mbovu. Sina neno zuri zaidi ya hilo. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, na hatua kumi tu zilimkalisha chini. Lakini ulimi wake, woi! Aliwatukana kuku, akamtania kila mgeni, na baba akirudi kupima uwanja alimuuliza, “Baba, punda amesemaje leo?” Baba naye alimjibu kwa uso wa kazi, “Amesema tuko sawa.” Daktari wa ndege alimpatia nafasi ya kupasuliwa Nairobi, na akatuambia waziwazi kwamba barabara yetu, kwa mawe yale, ingemuua kabla hajafika. Ni ndege, la sivyo hakuna safari. Siku ikapangwa. Mama alimshonea gauni la njano, akawa analikunja na kulikunjua kila jioni, hata likaanza kuchakaa mikunjo kabla halijavaliwa.

Mwaka huo kiangazi kilituonyesha cha mtema kuni. Visima vya nje ya mawe vilikauka kimoja baada ya kingine, kikabaki kimoja chenye maji ya chumvi, na foleni yake ilianza alfajiri ikaisha saa nane. Kendi akiyanywa maji hayo aliyatapika. Mimi, binti wa mwangalizi, nilijua kwamba ndani ya mawe, kule mwisho wa kusini ambako udongo wa chini ulikuwa bado na unyevu, hakuna aliyewahi kuchimba. Nikaenda na mkebe wa mafuta ya kupikia, nikachimba siku tatu wakati watu wazima wako kanisani wakiomba mvua. Maji yakatoka, machache, matamu. Nilimpelekea Kendi kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho, akaniuliza nimeyaiba wapi. “Kwa Mungu,” nikamwambia. Akafikiri kidogo. “Basi mwambie aongeze sukari.” Kila nikimaliza kuteka niliuacha mkebe humo humo, nikafunika shimo kwa vijiti, kipande cha gunia na udongo, nikausawazisha kwa kiganja mpaka mimi mwenyewe nikawa ninalitafuta kesho yake. Hebu fikiria, nilidhani ninautunza uwanja wa baba.

Asubuhi ya safari uwanja ulishapimwa kwa punda, na baba alishasema “Njoo.” Kendi alikaa kwenye kigoda ndani ya gauni lake, nywele zimesukwa, anawapungia mkono watu utadhani ni mgombea ubunge. Mimi nilikuwa kwenye moto wangu. Siku zote moshi ulilala kuelekea kaskazini, na asubuhi hiyo ulianza hivyo hivyo. Ndege ikasikika, akina mama wa kanisa wakaanza kuimba. Kisha moshi ukasimama wima, ukageuka, ukanipiga usoni ukielekea kusini. Nilielewa papo hapo. Ndege hutua ikiukabili upepo, kwa hivyo leo ingeingilia kusini. Baba alikuwa hatua chache kutoka kwangu. Rubani aliuona moshi, akazunguka mzunguko mzima juu ya miti, na muda huo wote mimi nilikuwa na neno moja tu la kusema, shimo, na sikulisema. Nilimwogopa baba mbele ya watu. Nikajidanganya kwamba magurudumu yatapita kando. Tafadhali usiniambie kwamba nilikuwa mtoto. Nimejiambia hivyo miaka mingi na haijanisaidia hata kidogo.

Gurudumu la mbele liliingia lote. Ndege ikapiga pua chini, ikaburuta tumbo lake kwa kishindo, vumbi likaifunika. Lilipotulia tuliona mguu wa mbele umekatika na pangaboi la mbele limepinda. Rubani akatoka mzima, anavuja damu kidogo kwenye paji la uso. Wimbo ulikatika katikati ya ubeti, na katika ukimya ule nikamsikia Kendi akimuuliza mama, “Sasa mimi nitapanda lini?”

Baba alikimbia kuliko wote. Nilimwona akipiga magoti kwenye shimo, akaingiza mkono, akachomoa kitu na kukifutika ndani ya koti lake kuukuu. Watu walipomfikia alikuwa amesimama. “Ni nungunungu,” akasema. “Amechimba usiku, nami sikupima huku.” Macho yake yakanitafuta kwenye umati, yakanipata, yakaniacha. Hakunipiga. Hakuniuliza chochote, siku hiyo wala siku nyingine. Ningepigwa ningepona. Jioni nikaukuta mkebe uko jikoni mahali pake, umeoshwa. Baraza la wazee likakaa wiki hiyo hiyo, wakamnyang’anya uwanja. Wakamuuliza ni mwangalizi gani anayeshindwa na nungunungu, na baba mdogo akasimama kudai mbuzi wake.

Tuliahidiwa ndege nyingine baada ya siku kumi. Sasa nikuambie, kanisa letu lilikuwa limeomba mvua miezi mitatu bila jibu, na Mungu akaichagua wiki hiyo kujibu. Watu walicheza dansi matopeni. Mimi nilipiga magoti nyuma ya boma nikiomba isimame, nadhani peke yangu katika wilaya nzima. Ziwa likajaa, bata wakarudi. Baba alimtoa punda, akambebesha mawe ingawa hakuna aliyemwagiza, akasimama naye ukingoni maji yakiwafika magotini wote wawili. Kendi alimwona kutoka mlangoni. Safari hiyo hakuuliza punda amesemaje. Alipoanza kushindwa kupumua, walimpandisha kwenye pikapu ya mfanyabiashara wa miraa, kichwa mapajani mwa mama. Barabara ilifanya kama daktari alivyosema. Hawakuifikia hata Muthara, soko la kwanza njiani.

Siku hizi kuna lami mpaka karibu na boma letu, na mgonjwa hupandishwa ambulensi asubuhi akafika hospitali kubwa kabla chai ya thermos haijapoa. Kila nikienda nyumbani natazama saa, nahesabu dakika, nachukia kila moja. Hakuna ndege inayotua ziwani tena. Mawe ya chokaa yalibebwa kujengea mabanda ya mbuzi. Baba alifariki mwaka jana hapa Embu, na siku zake za mwisho nilikaa kando ya kitanda nikaanza, “Baba, lile shimo…” Alifumba macho. “Nungunungu,” akasema, akageukia ukutani. Nilimwona mkaidi. Sasa naona alikuwa analibeba peke yake ili lisimfikie mama, na alipokwenda ameniachia mimi.

Mama nakaa naye. Shambani kule aliziba kila shimo aliloliona kwa mawe na miiba, miaka yote, mpaka magoti yakamkataa. Juzi alikuwa anamwagilia sukuma wiki zake mlangoni, ndege ndogo ikapita juu kuelekea mlimani. Aliifuata kwa macho mpaka ikapotea.

“Makena, yule nungunungu walimpata?”

“Hapana, Mama.”

“Kwa hivyo yuko tu. Anakula, analala.”

“Yuko, Mama.”

Alitema mate pembeni. “Mungu amlaani,” akasema, kisha akaninyooshea kikombe nimtekee maji ya kunywa. Nikakichukua, nikaenda kuteka.