Mbao Sita za Meja

Nianze na upuuzi wangu, tuumalize mapema. Nilipoajiriwa kwenye karakana ya boti pale Namuwongo, jirani na reli, niliamini kwamba Wahindi, kabla ya kufukuzwa nchini, walizitia dawa randa zao ili Mwafrika yeyote atakayezishika asitoe mbao mbili zinazofanana mpaka kiama. Msinicheke peke yangu. Kampala nzima iliamini, kuanzia wachuuzi wa soko la Kikuubo mpaka askari wa kambi ya kilimani Mbuya. Basi, labda si nzima. Lakini mimi niliamini kwa niaba ya watu elfu moja.

Siku ya kwanza kazini niliingia na tai. Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, nina cheti kikubwa kama mlango wa kanisa, nikadhani nitapewa meza na kalamu. Nikapewa randa. Aliyenipa alikuwa Fomeni wetu, Mzee Kasereka, Mkongo wa makamo aliyekimbia vita kwao na kumfanyia kazi Mhindi mwenye karakana kwa miaka mingi. Mhindi alipoondoka, serikali ya kijeshi ilichukua karakana na kutuletea Meneja, koplo mstaafu ambaye hakujua tofauti ya patasi na kijiko.

Fomeni aliitazama tai yangu.

"Mutoto, hiyo kamba ya shingo uivue. Jiliwa hii ya kubana mbao itaikamata, na weye pamoja nayo."

"Mzee, mimi nina cheti."

"Ni vizuri. Kiweke mbali na gundi."

Tangu siku hiyo jina langu karakanani likawa Cheti.

Kwa ninyi mliozaliwa na mashine za umeme: randa ni kipande cha mti au chuma chenye ulimi mkali chini yake. Unaisukuma juu ya ubao, nayo inamenya utepe mwembamba wa mti. Ulimi huo hunolewa kwenye jiwe lenye mafuta. Mimi nilinoa asubuhi nikaona inatosha hadi kesho yake. Fomeni alinoa kila alipovuta pumzi. Alikuwa na randa tatu alizoachiwa na Mhindi, akizifunga kwa kitambaa cha mafuta na kuziweka kabatini kwa kufuli. Tena, kila aliporanda, alichora vistari vidogo vya chaki mezani, upande huu wa ubao na upande ule, kisha akimaliza akavifuta kwa kiganja. Mbao zake zilitoka mapacha. Zangu zilitoka ndugu wa kambo.

Nikajiambia, vile vistari ndivyo vinavyoituliza dawa. Kwa nini sikumwuliza? Mimi, mwenye cheti, nimwulize mtu asiyeweza kusoma gazeti? Hata siku moja.

Ndipo akaja Meja, kwa gari la jeshi, kutoka Mbuya. Alikuwa amesomea mambo ya jeshi ng'ambo, huko akaona watu wamesimama juu ya mbao wakiteleza kwenye mawimbi ya bahari. Ziwa letu halina mawimbi ya kubeba mtu, lakini Meja alikuwa na boti ya injini. Alitaka askari sita wavutwe kwa kamba, kila mmoja juu ya ubao wake, wapite mbele ya wakubwa siku ya sherehe wakipiga saluti.

"Mbao sita," alisema. "Zote sawasawa. Moja ikienda kombo, mimi napata aibu. Na mimi nikipata aibu, nyinyi nyote hapa mtanijua. Meneja, umesikia?"

"Nimesikia, Afande! Hata saba, Afande!"

"Nimesema sita."

Tulichagua musizi, mti mwepesi unaoelea vizuri. Fomeni alikata kigezo, yaani ubao mwembamba wenye umbo kamili, tukauchora juu ya kila gogo. Lakini kigezo hukupa umbo la nje tu. Tumbo la ubao, mpindo wa pua na mviringo wa kingo ni kazi ya mkono. Tatu alizifanya yeye, tatu akaniachia mimi.

"Cheti, sikiliza. Kulia na kushoto vikipitana kwa unene wa ukucha, ubao utageuka na kumwaga mtu. Usifanye haraka. Nikuonyeshe navyofanya?"

"Naelewa, Mzee," nikamjibu. Sikuelewa chochote.

Siku ya majaribio tulizipeleka ziwani, Port Bell. Mbao tatu za Fomeni zilikwenda kama zimewekewa reli majini. Ya kwanza kati ya zangu ikakunja kushoto, ikamrusha askari juu kimo cha mti wa simu. Ya pili ikakunja kushoto. Ya tatu nayo ikakunja kushoto, na askari wake akaibuka na matope mpaka kwenye meno. Mtu mmoja ufukweni alianza kucheka, akamwona Meja, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Nani alitengeneza hizi tatu?"

Meneja alinitazama mimi, kisha Fomeni, kisha ziwa. Fomeni angeweza kuninyooshea kidole tu, na hakuninyooshea. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili: ni zangu. Badala yake nilisema haya:

"Afande, ni randa. Wahindi walizitia dawa. Fomeni anazo tatu zao, amezificha kabatini. Huwa anazichorea alama."

Meja hakuamini dawa hata chembe. Yeye alisikia neno jingine.

"Amezificha? Mali ya Wahindi?" Akamgeukia Fomeni. "Na wewe si mtu wa hapa."

Siku zile, kuficha mali ya Wahindi kulitosha mtu kuchukuliwa, na mgeni alichukuliwa mara mbili. Fomeni alifuta chaki ya mikono kwenye suruali.

"Mzee, panda," askari akamwambia, na Fomeni akapanda gari la jeshi. Alinitazama mara moja. Sikuona hasira usoni mwake. Alikuwa kama mtu anayekagua ubao na kuona ufa.

Alirudi baada ya wiki tatu kuchukua koti lake. Vidole vinne vya mkono wa kulia havikuweza tena kukunjika. Mimi nilikuwa nimekalia kiti chake, Kaimu Fomeni.

"Habari ya kazi, Cheti?"

"Nzuri, Mzee."

Nzuri! Nilimjibu hivyo, kwa sauti ya mtu mwenye kiti. Akachukua koti kwa mkono wa kushoto, akaondoka.

Baada ya utawala ule kuanguka nilihamishiwa karakana ya madawati ya shule, chini ya Inspekta mmoja mkali, kisha nikawa mwalimu wa useremala. Nilifundisha nusu ya mafundi wa Uganda, na nusu nyingine walifundishwa na hao. Wote niliwachekesha kwa kisa cha tai yangu. Hiki cha Port Bell nilikiruka. Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na hotuba kuhusu uaminifu, nikaiinua ile saa mbele ya uso ili nisionekane.

Juzi juzi nilikwenda Kikuubo kununua bawaba. Kwenye kibanda cha misumari na msasa alikaa mzee mwembamba, binti yake akiwapimia wateja skrubu kwa sababu vidole vya baba havishiki vitu vidogo. Akaniangalia.

"Cheti."

Nilipiga magoti palepale, kwenye msukosuko wa wapagazi, nikamweleza yote: zile tatu zilikuwa zangu, mdomo ulikuwa wangu, kiti nilichokalia kilikuwa chake. Wapagazi wakapiga mayowe nipishe njia. Yeye aliniacha nimalize.

"Lakini Mzee," nikasema, "naapa, niliamini kweli kwamba zina dawa."

Alimpa binti ishara anifungie bawaba.

"Hapakuwa na dawa, Cheti. Weye uliranda upande wa kulia asubuhi, ulimi mkali, mkono una nguvu. Upande wa kushoto uliranda jioni, ulimi butu, umechoka, ukabaki mnene. Mimi niliranda mara kumi huku, mara kumi huku, nikanoa, nikaanza tena. Vile vistari vilikuwa vya kuhesabu. Ungeniuliza, ningekuambia."