Damu ya Kike

Katikati ya miaka ya themanini, nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, nilikuwa na adui mmoja: mtu aliyetandaza gunia karibu na soko la mifugo la Isiolo na kuuza unga wa mizizi. Watu walimwita daktari. Mimi nilimwita muuaji, na nilitaka aitwe hivyo mbele ya wateja wake.

Mwaka uliotangulia mama alikuwa amekatwa titi la kushoto huko Nairobi. Daktari alisema Kiingereza, mama alisema Kiborana na Kiswahili cha sokoni, kwa hiyo mimi nilikaa kati yao. Daktari alieleza kwamba saratani yake ilikuwa ya aina inayolishwa na homoni za mwanamke. Ameze vidonge kila siku, kwa miaka. Dawa nyingine yoyote, hata ya majani, aulize kwanza. Chakula, ale kama kawaida.

Hilo la chakula halikuwapendeza majirani. Mmoja alimkataza maziwa ya ngamia, mwingine nyama, wa tatu sukari. Niliwauliza: umejuaje? Hakuna aliyejua, na hakuna aliyenyamaza.

Niliporudi likizo nikakuta vidonge kwenye kopo, vumbi juu ya kifuniko. Pembeni palikuwa na gazeti lililokunjwa, ndani yake unga mwekundu.

"Yule wa sokoni anasema hivi vya hospitali vinanikausha," mama akaniambia. "Huu unarudisha damu." Kisha, kwa furaha iliyonitia baridi, "Na kweli imerudi."

Alikuwa ameagana na hedhi miaka mingi iliyopita.

Sikungoja chai. Nilibeba lile gazeti hadi sokoni. Ilikuwa siku ya mnada, wachuuzi wa ngamia wamejaa, mashavu yamevimba kwa miraa waliyokuwa wakitafuna.

"Salaam aleikum, daktari," nikasema kwa sauti.

"Waaleikum salaam, msomi. Nikupe nini?"

"Huu ni unga wako wa kurudisha damu. Kunywa."

Akacheka, akamimina unga kwenye kikombe chake cha chai, akakoroga kwa kidole, akanywa wote. "Haya. Sasa nianze hedhi?"

"Mleteeni leso!" mchuuzi mmoja akapiga kelele, na soko zima likacheka. Masikio yaliniwaka moto.

"Mama yangu ana saratani," nikasema. "Ulimuuliza?"

Kicheko kikakatika. Akaweka kikombe chini taratibu. "Binti yangu, hakutaja saratani. Alisema vidonge vya Nairobi vinapunguza damu yake ya kike. Nikamuuliza, nani kakwambia? Akasema, mtoto wangu wa chuo kikuu. Yule hawezi kukosea."

Damu ya kike. Neno hilo nililitunga mimi. Siku ile Nairobi daktari alikuwa akinisubiri, kalamu mkononi, nami sikujua homoni inaitwaje kwa lugha ya mama. Niliona aibu kukosa neno, nikatoa la kwanza lililokuja. Mimi, niliyemuuliza kila mtu amejuaje, sikumuuliza mama amesikia nini. Na kwa mtu aliyekulia na mifugo, ukimwambia damu yake inapungua umemwambia anakufa. Angekaa tu?

"Na aache vidonge," nikamwambia yule mtu, "hilo nalo nilisema mimi?"

Akaanza kupanga mafungu yake upya. Kwa hilo sijamsamehe mpaka leo.

Nilimpeleka mama Nairobi. Nilitaka daktari aseme ni ule unga. Akakataa. Huenda ni unga, akasema, huenda ni vile vidonge, huenda ni ugonjwa. Hajui ndani ya gazeti mna nini, wala aliyeuza hajui. Arudie vidonge, apimwe.

Tukingoja majibu nilijaribu kueleza upya. "Mama, si damu. Unajua ngamia wanavyofuata chumvi? Ugonjwa huu nao una chumvi yake, iko ndani ya mwili. Kidonge kinaziba pale ugonjwa unapolamba."

Akaniangalia sana. "Basi ule unga ulikuwa chumvi?"

"Labda. Hakuna anayejua. Ndiyo maana usile."

"Ungesema chumvi tangu mwanzo," akasema, akameza kidonge bila maji.

Majibu hayakuonyesha saratani. Mama alishukuru Mungu. Mimi nilirudi sokoni, nikasimama kando ya lile gunia siku zote za likizo zilizobaki. Kila mwanamke aliyenyoosha mkono nilimuuliza kwa Kiborana: una vidonge vya hospitali nyumbani? Nani amekueleza kazi yake, na alitumia neno gani? Wengine walinitukana. Wengine walirudisha mkono.

Yule muuzaji akahamisha gunia upande wa pili wa soko. Nikamfuata.

"Wewe mtoto," akaniambia, "unataka nini kwangu?"

"Uulize," nikasema. "Kila anayenunua, umuulize kabla yangu."