Shimo Lililofagiliwa

Mume wangu ni fundi vioo, na anapenda kioo kuliko anavyonipenda mimi, nimeshazoea. Anakata, anasugua kingo, anafunga blanketi, anapakia kwenye mkokoteni. Halafu anakutana na shimo. Lilikuwa mbele ya karakana yetu kabisa, limekamata barabara nzima, huna pa kulikwepa, na vioo vilikuwa vinaishia humo. Wateja wakaanza kwenda kwingine. Ndipo akaniambia, bila hata kunitazama usoni, kwamba lisipozibwa mvua hizi, tunafunga karakana tunahamia kwa dada yake.

Wifi yangu ana nyumba kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Mara ya mwisho nilipokaa kwake alinifundisha kuosha sufuria, mimi mwenye wajukuu. Nikaapa huko siendi, labda wanibebe.

Basi mume wangu akaenda ofisi ya mji kuripoti, akaahidiwa mkaguzi wa barabara. Kosa lake ni kuwaambia majirani. Jirani yetu mshona viatu, aliyejipa uenyekiti wa kila jambo, akasema mgeni wa serikali hawezi kutukuta hivi, tutaaibika. Siku yenyewe mimi na mume wangu tulikwenda kumchukua mkaguzi ofisini, asije akapotea njia makusudi. Huku nyuma mtaa mzima ukatoka na majembe na mafagio. Wakajaza udongo shimoni, wakashindilia, wakanyunyiza maji vumbi litulie, wakafagia. Tuliporudi, barabara imetulia kama meza. Tukaapa kwamba shimo lipo, mkaguzi akasifu usafi wetu, akaenda zake. Mvua ilinyesha jioni hiyohiyo, shimo likarudi limenenepa.

Nilimfuata mshona viatu nikampa vidonge vyake. Akanishangaa. "Kwani wewe mgeni akija kwako hufagii?" Swali hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Wifi naye akapiga simu kusema chumba chetu ameshakipaka rangi. Nikaanza kufunga vyombo, roho inaniuma.

Mume wangu alirudi ofisini kubembeleza hadi mkaguzi akakubali kuja tena. Safari hii hakwenda kumchukua. Alibeba kigoda, akakaa ndani ya shimo tangu alfajiri, miguu kwenye tope, na kila aliyetokea na jembe alimsalimia kwa adabu, wala hakunyanyuka. Mshona viatu akazungukazunguka weee, akaishia kufagia pembeni.

Mkaguzi alipofika, mume wangu, mtu wa heshima mpaka anakera, akainuka.

"Karibu kiti, bwana mkaguzi."

Nilitaka kumpiga. Lakini mkaguzi naye alikuwa amelelewa. Ukikaribishwa kiti unakaa. Akashuka, akakaa, kigoda kikadidimia, magoti yakamfika kidevuni. Alipojaribu kuinuka akashindwa, ikabidi mshona viatu amvute.

"Hili shimo lilikuwa wapi nilipokuja?" akauliza.

Mshona viatu akainamisha kichwa. "Tulilifukia, mheshimiwa. Tuliona aibu."

Mkaguzi akaitazama suruali yake, matope mpaka kiunoni. Akasema safari nyingine wasione aibu, halafu akampigia simu mtu wa lami palepale, kwa sauti ambayo sikuitarajia kwa mtu mpole vile.

Lami ilipokauka, mume wangu akapakia kioo cha dirisha la duka, kirefu kumzidi yeye. Nilitembea nyuma yake nimejiziba macho, nikichungulia katikati ya vidole. Majirani walisimama milangoni. Magurudumu yakapita juu ya kiraka. Upande wa pili akasimamisha mkokoteni, akafunua blanketi, akakipapasa kioo kutoka juu hadi chini. Kizima.

Nililia, tena mbele ya mshona viatu. Kisha nikafuta kamasi, nikachukua simu.

"Wifi," nikamwambia, "hicho chumba mpangishe mtu."