Mtoto Aliyeshindwa na Mafuta

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuchunguza kondo la nyuma: jinsi linavyopokea mafuta kutoka kwa damu ya mama, na jinsi mtoto aliye tumboni anavyoanza kuyageuza kuwa nguvu. Naifanyia katika maabara ndogo mjini Meru. Sikutegemea kuikuta Kibirichia, nyumbani kwa mdogo wangu.

Mtoto wake wa kwanza alikutwa asubuhi amefariki, baada ya kulala usiku mzima bila kunyonya. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu, tukamzika. Mimba ya pili ilipokaribia kufika mwisho, mdogo wangu alianza kutapika, macho yakawa ya manjano. Alipasuliwa haraka, msichana akatolewa mzima, na daktari akaniambia kwamba ini la mama lilikuwa limejaa mafuta. Hapo nikamkumbuka yule wa kwanza, nikaketi.

Kuna watoto wachache ambao miili yao haiwezi kuvunja mafuta, na kondo lao vilevile. Yale mafuta humrudia mama na kumwumiza. Naye mtoto, akikaa na njaa kidogo tu, hana akiba ya kumshikilia. Tulipeleka damu ya msichana nje ya nchi ikapimwe. Majibu yakawa yale niliyoyaogopa.

Daktari wa watoto alisema asinyonyeshwe, kwa kuwa maziwa ya mama yana mafuta mengi. Mdogo wangu alijifunga matiti kwa leso na kulia siku hizo zote. Kulikuwa na maziwa maalumu ya kopo, ambayo mara yanapatikana, mara hayapatikani. Yeye na mumewe, mkulima wa viazi, mtu mpole, walipokezana kuamka kumlisha. Wanawake wa kanisa walipoleta maziwa mazito ya ng'ombe ili mtoto anenepe, mdogo wangu alipokea, akashukuru, kisha akawapa majirani. Msichana alikua. Alikaa mwenyewe, akaanza kutambaa.

Msimu wa baridi alishikwa na mafua ya kawaida. Alikataa uji, na alichokimeza alikitapika. Walimfikisha hospitali mapema, akawekewa maji ya sukari mshipani, kila kitu kikafanywa inavyotakiwa. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda moyo wake uliposimama. Ilikuwa mchana, jua limetoka.

Baada ya mazishi, mdogo wangu aliniuliza ugonjwa huo ulitoka kwa nani. Nikamweleza kwamba yeye na mumewe wote wanaubeba bila kuugua, na mtoto huugua akirithi pande zote mbili. Nikasema si kila mtoto wao angeugua, na kwamba atakayefuata angepimwa mara tu akizaliwa.

"Akipatikana nao?"

"Tutamlisha kwa uangalifu."

"Kama tulivyomlisha huyu."

Akaniangalia, akasema taratibu, "Dada, wewe unajua. Sasa kujua kwako kunanisaidia nini?"

Mumewe alinisindikiza hadi barabarani. Tulipofika akauliza, "Shemeji, na mimi nikizaa na mwanamke mwingine?" Nikamwambia ukweli, kwamba huenda watoto wangekuwa wazima. Alitikisa kichwa kukubali, akanishukuru kwa heshima, akarudi.

Hawakugombana. Mume aliendelea kulala chini ya paa moja na mkewe kwa muda, halafu akaenda Kangeta kufanya biashara ya miraa, na safari za kurudi zikapungua hadi zikaisha. Huko amepata mke na mtoto. Mdogo wangu alirudi nyumbani kwa mama yetu, na sasa wanalima viazi pamoja.

Mimi bado naenda maabara. Wanafunzi wangu wanaandika vizuri kuhusu ugonjwa huo, lakini kipimo hakijafika huku, na maziwa yale bado ni shida kuyapata.

Nilipomtembelea mdogo wangu majuzi tulikuwa tukimenya viazi. Akauliza, bila kuinua macho, kama nimesikia habari za mtoto wa Kangeta.

"Ni mzima," nikasema.

"Ananyonya?"

"Ananyonya."

Akaendelea kumenya.